Kuimba kwa Sauti ya Juu Nyumbani: Mwongozo kwa Kijana na Mzazi Wake

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anayependa kuimba huwa haimbi kwa kunong'ona. Anaimba bafuni, anaimba anapoosha vyombo uani, anaimba akipiga pasi sare za shule, na sauti yake inafika hadi nyumba ya tatu. Mzazi naye anavumilia kwa siku mbili, ya tatu anapiga kelele kutoka sebuleni kwamba hataki kusikia tena. Kijana ananuna, mlango unabamizwa, na chakula cha jioni kinaliwa kimyakimya. Nimewafundisha vijana kwaya Dar es Salaam kwa muda mrefu, na ninaamini kabisa kwamba ugomvi huu una dawa, mradi sauti kubwa ipewe saa yake na mahali pake badala ya kuachiwa itokee popote au kukatazwa moja kwa moja. Sehemu kubwa ya mwongozo huu namwandikia kijana, kwa kuwa ndiye anayeweza kubadilisha mambo mengi kwa haraka, lakini mzazi naye nina maneno yake mwishoni.

Jua kwanza mzazi analinda nini

Mzazi anaposema, "Wewe mtoto, hebu nyamaza huko," mara nyingi hajasema yote yaliyo moyoni mwake. Mama muuguzi aliyerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku anatetea usingizi wake, na hilo halihitaji maelezo. Mama aliyepanga chumba na sebule, aliyekusanya kodi ya miezi sita kwa mkopo wa kikoba, anamwogopa mwenye nyumba kuliko anavyouchukia wimbo wako, kwa sababu lalamiko moja la mpangaji mwenzake linaweza kumfanya aambiwe atafute pengine. Baba anayemsomesha mtoto kwa shida anaona kila dakika ya kuimba kama dakika iliyoibwa kwenye hisabati, na kichwani mwake bado ana picha ya mwanamuziki kama mtu asiye na kazi wala heshima. Wapo wazazi ambao dini yao, kwa namna wanavyoielewa, haikubali muziki wa kidunia ndani ya nyumba. Wapo pia wanaoogopa tu kwamba utaharibu koo.

Kila hofu kati ya hizi ina jibu lake, na kumjibu mzazi kwa jibu la hofu nyingine ni kupoteza muda. Ukimweleza mama anayemwogopa mwenye nyumba kwamba kuimba ni kipaji chako, utakuwa umesema kweli ambayo haimsaidii chochote. Kwa hiyo, kabla ya kujitetea, tumia wiki moja kuangalia kwa makini ni saa ngapi anakukaripia, ni wimbo gani ulikuwa unaimba, nani mwingine alikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini. Andika kwenye daftari kama unaona utasahau. Wanafunzi wangu wengi wamegundua kwa njia hii kwamba mzazi hawakemei wakiimba mchana wa Jumamosi, bali huwakemea saa mbili usiku wakati wa taarifa ya habari, au wakati kuna mgeni sebuleni, au pale tu wanapoimba nyimbo fulani.

Hili la nyimbo fulani linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu vijana wengi hawalifikirii. Katika nyumba zetu, binti anayeimba maneno ya kitandani huku baba yake ameketi hatua tatu kutoka pale anamtia baba yake aibu, hata kama binti mwenyewe hakukusudia lolote zaidi ya kuifuata melodia. Baba hawezi kusema waziwazi kilichomkera, maana kukitaja tu kunamwongezea aibu, kwa hiyo analalamikia sauti. Binti anapunguza sauti, na baba anaendelea kukasirika, na hakuna anayeelewa kwa nini. Ukihisi kwamba tatizo liko hapo, fanya mazoezi ya wimbo huo kwa irabu peke yake, yaani uimbe "a" au "u" kwenye kila nota bila maneno. Walimu wa uimbaji huwapa wanafunzi zoezi hilohilo hata pasipo na ugomvi wowote, kwa sababu linanyoosha nota na kusawazisha pumzi, na maneno huongezwa baadaye.

Kama hofu ya mzazi ni ya kidini, usiingie kwenye ubishi wa hukumu za dini. Muulize ni wapi anaona sauti yako inafaa kutumika. Katika nyumba ya Kiislamu jibu huweza kuwa kaswida, au kuhifadhi na kusoma Kurani kwa tajwidi, yaani kwa kanuni za matamshi yake, kazi inayodai pumzi ndefu na udhibiti wa sauti kuliko nyimbo nyingi za redioni. Katika nyumba ya Kikristo jibu huwa kwaya ya kanisa, na hapo utajifunza kuimba sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne kwa nota za do, re, mi, elimu ambayo wanamuziki wengi wanaotamba hawakuipata. Mzazi anayeona kwamba umemsikiliza mahali hapa huwa mwepesi kukusikiliza mahali pengine.

Jisikie jinsi wengine wanavyokusikia

Kijana anayeimba huku ameziba masikio yote mawili kwa spika za masikioni hajui anapaza sauti kiasi gani. Mwili wa binadamu huongeza sauti wenyewe pale masikio yanaposhindwa kuisikia vizuri, ndiyo maana mtu aliyevaa vifaa hivyo humjibu mwenzake kwa ukali bila kukusudia. Ondoa upande mmoja unapoimba, nawe utashangaa jinsi sauti yako itakavyoshuka bila kuilazimisha, na jinsi utakavyoanza kusikia pale unapokosea nota. Punguza pia sauti ya simu yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto wasikilize kwa wastani usiozidi desibeli 75 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na watu wazima desibeli 80 kwa muda huohuo, na anayesikiliza kwa kiwango cha mwisho cha simu anaweza kuvuka mipaka hiyo kwa muda mfupi sana.

Kisha fanya jaribio hili. Weka simu ya pili, au ya ndugu yako, kwenye kiti anachokalia mzazi wako jioni, iwashe irekodi, nenda chumbani kwako, funga mlango na uimbe kama kawaida yako. Ukirudi kusikiliza utapata jambo ambalo maneno ya mzazi hayakuwahi kukuonyesha. Utasikia kwamba melodia yote tamu imebaki chumbani, na kilichopita ukutani ni nota za juu peke yake na ule mstari mmoja uliourudia mara kumi na tano. Kurudiarudia huko ndiko kunakochosha watu. Wewe unaurudia kwa sababu unaurekebisha, lakini aliye sebuleni hasikii marekebisho, anasikia kitu kilekile kikikatizwa na kuanza upya.

Ni vizuri pia kuielewa nyumba yenyewe. Chukua nyumba ya kupanga ya kawaida ya Temeke au Magomeni, yenye vyumba vinavyotazamana na korido katikati, bati juu na hakuna dari. Ukuta unaotenganisha chumba chako na cha jirani unaishia usawa wa kenchi, na juu yake kuna uwazi unaounganisha vyumba vyote. Sauti yako inapanda, inagonga bati, inashukia kwa jirani karibu bila kupungua. Katika nyumba ya namna hiyo, kufunga mlango kunasaidia kidogo tu, na kutundika mapazia mazito au kuegesha godoro ukutani kunapunguza mwangwi ndani ya chumba chako bila kuizuia sauti kutoka, maana sauti hupita penye uwazi. Hata nyumba yenye dari ya jipsamu huvujisha sauti kupitia madirisha yenye wavu wa mbu, ambayo joto la pwani halituruhusu kuyafunga. Nayasema haya ili usimwambie mzazi kwamba umefunga mlango, ukadhani umemaliza kazi.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio umbali wa mita moja yana desibeli kama 60. Kijana mwenye pumzi nzuri anayeimba kwa nguvu zote hufika 90 bila shida, na kwa kuwa masikio yetu huona kila nyongeza ya desibeli 10 kuwa kama sauti iliyoongezeka maradufu, tofauti hiyo aliye karibu huisikia kama mara nane. Habari njema ni kwamba katika eneo la wazi sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukiimba kwa desibeli 90 zilizopimwa mita moja kutoka kinywani, mtu aliye mita 16 atasikia takribani 66, ambazo hazizidi sana mazungumzo ya watu walio karibu naye. Kutoka nje na kusogea mbali kunafanya kazi kubwa kuliko godoro lolote.

Saa na mahali

Panga muda mfupi na wa uhakika badala ya muda mrefu usiojulikana. Nusu saa ya kila siku, kwa mfano kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na moja na nusu, baada ya kazi za nyumbani na kabla ya Magharibi, inatosha kabisa kwa sauti ya kijana, na mtu anayejua kwamba kitu kitaisha baada ya dakika thelathini hukivumilia kwa moyo mweupe. Ukianza muda wowote na kumaliza utakapojisikia, hata dakika kumi zitaonekana nyingi. Epuka wakati wa adhana na wa sala za nyumbani, wakati wa mzazi kupumzika baada ya zamu, na jioni ambazo kaka au dada yako wa Kidato cha Nne anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Usiku baada ya saa mbili ni wakati wa mazoezi ya kimya ambayo nitayaeleza hapa chini.

Mahali ni suala la kutafuta. Shule nyingi hufungua madarasa baada ya vipindi kwa vikundi vya uimbaji, na mwalimu wa zamu akiombwa kwa adabu huwa hakatai. Ukumbi wa kanisa katikati ya wiki, uwanja wa mpira saa za asubuhi kabla ya wachezaji kuja, shamba la babu wakati wa likizo, na ufukwe pale maji yanapokupwa, vyote ni mahali ambapo unaweza kuachia sauti yote uliyopewa na Mungu. Kwa wasichana hasa, na kwa wavulana wadogo pia, nasisitiza kwamba usiende peke yako na usiende bila mzazi kujua uko wapi, uko na nani na utarudi saa ngapi. Mzazi akikuruhusu kwenda mahali, ukachelewa kurudi mara moja, mahali hapo pamefungwa kwako kwa muhula mzima.

Kuna pia nyakati ambazo nyumba yenyewe inakuruhusu. Mvua ya masika inapopiga kwenye bati, hakuna jirani atakayekusikia hata uimbe kwa nguvu gani, na baadhi ya mazoezi mazuri ya nota za juu niliyowahi kusikia kutoka kwa wanafunzi wangu yalifanyika katikati ya mvua kubwa.

Usimsahau jirani. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Kenya ina kanuni zake za mwaka 2009, lakini kwa kawaida mambo ya kijana na wimbo wake huishia kwa mjumbe wa shina au kwa mwenye nyumba. Jambo lifike huko kwa nini, wakati unaweza kwenda mwenyewe kumwamkia jirani, kumweleza kwamba unajifunza kuimba na kwamba umepewa muda fulani jioni, na kumwomba akuambie wewe moja kwa moja kama siku fulani ana mgonjwa au msiba? Mtoto aliyemwamkia mtu na kumweleza shida yake huwa hasemwi vibaya kirahisi mtaani, na mama yako atakaposikia kutoka kwa jirani kwamba ulikwenda, utakuwa umemwondolea nusu ya hofu yake.

Mazoezi yasiyosikika sebuleni

Waimbaji wazuri hawaimbi kwa nguvu zote kila siku. Sauti hutengenezwa na nyuzi mbili ndogo zilizo ndani ya kikoromeo, ambazo kwa mwanamume mzima hugongana mara 100 na zaidi kwa sekunde na kwa mwanamke mzima karibu mara 200, na kadiri unavyopaza sauti ndivyo zinavyogongana kwa nguvu zaidi. Zikichoka huvimba, na hapo ndipo unapopwewa sauti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi inafaa iwe ya chini, na kwa bahati nzuri mazoezi ya chini ndiyo yanayoleta amani nyumbani.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linahitaji mrija wa kunywea soda. Uweke mdomoni, ufunge midomo vizuri kuuzunguka, kisha uimbe sauti ya "u" kupitia humo, ukipanda taratibu kutoka nota ya chini hadi ya juu na kushuka tena, bila hewa yoyote kupita puani. Ukishazoea, tia maji nusu glasi, zamisha ncha ya mrija sentimita mbili au tatu, na uimbe huku mapovu yakitoka kwa mfululizo ulio sawa. Mapovu yakikatikakatika, ujue pumzi yako haijatulia. Msukumo mdogo wa hewa unaorudi nyuma kutoka kwenye mrija huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa ukali, na ndiyo sababu mtafiti wa sauti wa Marekani Ingo Titze amelitangaza zoezi hili kwa waimbaji na walimu kwa miaka mingi. Mtu aliye nje ya mlango husikia mvumo mdogo tu. Unaweza kuimba wimbo mzima hivyo saa nne usiku na baba asigeuke kitandani. Kama huna mrija, vumisha "mmm" ukiwa umefunga midomo, au itetemeshe midomo kama wafanyavyo watoto wanaoigiza gari, kwa dakika kumi kabla ya kuimba maneno.

Mazoezi mengine ya kimya ni kujifunza maneno kwa kuyaandika, kupiga mapigo ya wimbo kwa kidole juu ya paja, na kusikiliza rekodi ukifuata sauti moja tu, kwa mfano besi, mpaka uijue yote.

Kuhusu afya ya koo, mzazi ana haki ya kuuliza na wewe unapaswa kuwa na majibu. Kunywa maji kidogokidogo mchana kutwa badala ya lita nzima dakika tano kabla ya kuimba. Ukisikia maumivu, acha. Ukipwewa, pumzika hata kuzungumza, na usinong'one kwa nguvu, kwa kuwa mnong'ono wa kulazimisha huzichosha nyuzi pia. Mayai mabichi, ambayo waimbaji wengi wa mitaani huapa kwamba yanasafisha sauti, hayafiki kwenye nyuzi hata kidogo, kwa sababu chochote unachokimeza hupita njia ya chakula, na yai bichi linaweza kukuletea vijidudu vya kuharisha. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo.

Wavulana wana jambo lao zaidi. Kati ya miaka 12 na 15, kwa wengi wao, kikoromeo hukua haraka na nyuzi hurefuka, na sauti hushuka karibu oktava nzima, yaani kutoka do moja hadi do iliyo chini yake. Katika miezi hiyo sauti huruka na kukatika bila taarifa, na kijana aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kanisani hujikuta hawezi kufika popote. Baadhi hujibu kwa kupiga kelele, wakidhani nguvu itairudisha. Haitarudi. Imba nota zile tu zinazotoka bila kulazimishwa, hata kama ni tano, na subiri. Sauti za wasichana pia hushuka kidogo na kuwa na pumzi nyingi kwa muda, ingawa mabadiliko hayo hayasikiki sana kwa mtu mwingine.

Namna ya kuzungumza na mzazi

Usizungumze siku ya ugomvi. Subiri wakati ambapo mzazi ameshakula, hahesabu mauzo ya siku, hana mgeni, na simu yake haiko sikioni. Anza kwa salamu kamili na kwa kuomba nafasi, kisha sema unachojua kinamsumbua kabla hujasema unachotaka. Tuseme mama yako ni huyo muuguzi wa zamu. Unaweza kumwambia hivi:

"Shikamoo mama. Naomba nizungumze nawe kidogo kama hujachoka. Najua nimekuwa nikikuamsha ukitoka zamu, na najua mama wa chumba cha pili ameshalalamika. Naomba unisamehe. Mama, napenda kuimba, na sitaki iwe sababu ya kukuudhi. Naomba unipangie muda. Mimi nilifikiria jioni saa kumi na moja, nusu saa, nikiwa nimeshamaliza kuosha vyombo, na siku ukiwa umelala mchana nitakwenda shuleni kwa mwalimu wa kwaya. Ukiona haufai, niambie unaofaa ni upi."

Halafu nyamaza umsikilize. Huenda akasema, "Na masomo je, mwanangu?" Hapo usianze kutaja wasanii waliotajirika. Mwambie unasoma saa ngapi, mwonyeshe daftari, na kubali kwamba muda wa kuimba upunguzwe mwezi wa mitihani. Akisema hapana, itikia na uombe kumuuliza tena baada ya wiki mbili, kisha katika wiki hizo ishi kana kwamba makubaliano yameshafikiwa. Mzazi anaangalia matendo hata pale anapojifanya haangalii.

Kwa baba ambaye hazungumziki naye kirahisi, tumia njia ambayo jamii yetu imeitumia siku zote. Bibi, shangazi au mjomba anaweza kulifikisha neno lako kwa namna ambayo wewe huwezi, na baba anaweza kumkubalia dada yake jambo ambalo angeona haya kulikubali mbele yako. Mweleze huyo mtu ukweli wote, pamoja na makosa yako, asije akatetea jambo asilolijua.

Siku utakayovunja makubaliano, na itakuwepo, omba radhi siku hiyohiyo kabla ya kulala, na sentensi yako ya kuomba radhi isiwe na "lakini" ndani yake.

Kwa mzazi

Ndugu mzazi, mtoto anayeimba nyumbani kwako kwa sauti inayokukera bado yuko nyumbani kwako, na unajua alipo. Katika umri huu mwili wake unabadilika, hajui sauti yake mpya inafika wapi, na njia pekee anayoijua ya kuipima ni kuitoa yote. Kumnyamazisha kabisa kunamfundisha kukuficha, na kijana anayekuficha nyimbo zake hachelewi kukuficha na rafiki zake.

Ukitaka anyamaze, inuka umfuate mahali alipo, umwambie kwa utulivu ni nini kinachokusumbua na mpaka saa ngapi. "Nimetoka zamu, naomba ukae kimya mpaka saa tisa" ni amri inayotekelezeka. "Utaniua na makelele yako" haimwambii afanye nini. Usiicheke sauti yake inapokatika, hasa mbele ya ndugu zake, kwa maana nimewapokea kwenye kwaya vijana wa kiume walioacha kuimba miaka miwili kwa sababu ya kicheko cha siku moja mezani. Na usimkataze kwaya kama adhabu. Ukimzuia kijana kwenda mahali pekee ambapo sauti yake inaongozwa na mwalimu, atairudisha sebuleni kwako ikiwa haina mwongozo wowote.

Kama unachoogopa ni kwamba uimbaji hauna mbele wala nyuma, fahamu kwamba una shule zake. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na sasa kinajulikana kama TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) tangu mwaka 2002, na Nairobi ina chuo cha Conservatoire tangu mwaka 1944. Wanafunzi wa Kenya wana tamasha la muziki la shule ambalo lilianza mwaka 1927, na huko wanaimba mbele ya waamuzi wanaowapa alama na maoni ya maandishi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alikuwa akipita mitaani akivinadi vyungu vilivyofinyangwa kwao kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Sauti yake ilianza kujulikana barabarani, ikiwa inapazwa ili isikike mbali. Simwahidi mzazi yeyote kwamba mtoto wake atakuwa Siti. Namwomba tu asimpime mtoto kwa picha moja ya mwanamuziki aliyemwona baa.

Makubaliano mliyofikia yaandikeni kwenye karatasi moja, yakitaja saa, mahali, nyimbo zisizoimbwa mbele ya wageni, na siku za kupumzika, na mzazi naye aandike wajibu wake, kwa mfano kwamba ndani ya ile nusu saa hatamwita kijana kumtuma dukani. Yapitieni kila muhula unapoanza, kwa sababu zamu za kazi hubadilika, wapangaji huhama, na mtoto wa Kidato cha Pili huingia Kidato cha Tatu. Kisha, kijana akipata nafasi ya kuimba hadharani, amweleze mzazi wiki mbili kabla ni wapi, saa ngapi na nauli ni kiasi gani, na mzazi ajitahidi kufika na kukaa mpaka wimbo wa mwisho.